Joto la Mjusi na Nyumba Yake: Somo kwa Anayeanza Kufuga

Katika kijiji cha Ruaruke, wilayani Kibiti, mama mfugaji wa kuku anajua kwamba kifaranga aliyeanguliwa leo hafi upesi kwa njaa kama afavyo kwa baridi. Kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake chaweza kumlisha kwa siku mbili hivi. Lakini akikosa ubawa wa mama yake katika usiku mmoja wa kipupwe, asubuhi hukutwa amekauka. Kwa hiyo asiye na kuku mlezi huwasha taa ya chemli, au huweka jiko la mkaa kando ya boksi, kisha hukaa akitazama. Vifaranga wakirundikana karibu na taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta, joto limezidi. Wakitawanyika na kuanza kudonoa, joto limekuwa la kadiri. Mama huyo hana kipimajoto. Vifaranga wenyewe ndio kipimajoto chake.

Yafaa kulichunguza jambo hili kwa makini, kwani ndani yake mna kanuni moja kubwa ya elimu ya viumbe. Vifaranga wanaweza kumwonyesha mlezi hali yao kwa sababu tu boksi lina sehemu yenye joto na sehemu yenye ubaridi, nao wana nafasi ya kwenda huku au kule. Kama boksi lingekuwa dogo na lenye joto la namna moja kila pembe, wasingeweza kusema lolote wala kujiokoa.

Kifaranga hutoka katika hali hiyo baada ya wiki chache, manyoya yanapoota na mwili unapoweza kujitengenezea joto lake. Mjusi hatoki kamwe. Maisha yake yote, tangu yai hadi uzee, huishi kwa joto analolipata nje ya mwili wake. Makala haya yanaeleza namna joto hilo linavyofanya kazi, na namna mtu anayeanza kufuga mjusi anavyopaswa kumjengea makazi. Mfano utakaotumika ni mjusi-chui, geko ambaye leo hufugwa majumbani katika nchi nyingi za Ulaya, Marekani na kwingineko.

Mwili unaotegemea joto la nje

Watu wengi huwaita mijusi, nyoka na kobe kuwa ni wanyama wenye damu baridi. Jina hilo lina upungufu. Mjusi aliyelala juu ya jiwe lenye joto la nyuzi 35 za Sentigredi ana damu inayokaribia joto la damu ya binadamu. Tofauti si ubaridi wa damu bali ni chanzo cha joto. Binadamu, kuku na ng'ombe huchoma chakula mwilini ili kupata joto, nao hulipa gharama kubwa kwa kazi hiyo. Mjusi hutumia kiasi cha sehemu moja tu kati ya kumi ya nishati ambayo mnyama anyonyeshaye wa uzito ule ule huitumia. Ndiyo maana aweza kukaa siku nyingi bila kula.

Lakini faida hiyo ina masharti. Kazi zote za mwili, yaani kusaga chakula, kupigana na vijidudu vya maradhi, kukua, na kukimbia adui, hufanywa na mabadiliko ya kikemia. Kwa kawaida mwendo wa mabadiliko hayo huongezeka mara mbili au tatu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, na hupungua vivyo hivyo linaposhuka. Mjusi aliyeshiba kisha akakaa katika baridi hana uwezo wa kusaga alichokimeza. Chakula hukaa tumboni na kuanza kuoza. Kwa upande mwingine, joto likipita kiasi, mashine yenyewe huharibika. Joto lililozidi nyuzi 40 ni la hatari kwa mijusi wengi wa usiku, hasa ikiwa hawana mahali pa kulikimbilia.

Hapa ndipo wengi wanaoanza hukosea. Husikia kwamba mjusi apenda joto, nao humpa joto. Kwa kweli mjusi hahitaji joto peke yake. Anahitaji kuchagua joto. Akisha kula huenda penye joto ili chakula kisagike. Akisha kutosheka husogea penye ubaridi ili kupunguza matumizi ya maji na nguvu. Mara kadhaa kwa siku huja na kurudi, na kwa safari hizo fupi huuweka mwili wake katika kadiri inayofaa. Mwenye kumnyima safari hizo amemnyima uhai, hata akimpa joto kamili lililoandikwa vitabuni.

Ukuta wa udongo ni mwalimu

Mfano mzuri wa jambo hili hauhitaji kutafutwa mbali. Katika nyumba za Ruaruke, kama katika nyumba nyingi za pwani ya Afrika Mashariki, huishi mjusi kafiri, ambaye wanasayansi humwita Hemidactylus mabouia. Ni mzaliwa wa Afrika, ingawa maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yalitolewa mwaka 1818 kutokana na mijusi wa visiwa vya Antili, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mayai yake, mawili kila mara, yana ganda gumu, nayo hutagwa katika nyufa na mianya ya mbao. Kwa hiyo ni rahisi kusafiri pamoja na mizigo ya watu. Wapo wanaomwogopa kwa kudhani kuwa ana sumu. Hana sumu. Hata hivyo kinyesi chake, kama cha mijusi wote, chaweza kuwa na vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo. Ndiyo sababu mtungi wa maji na chungu cha chakula vyafaa kufunikwa.

Tuitazame nyumba anamoishi. Ukuta wake umejengwa kwa nguzo na fito, kisha ukakandikwa kwa udongo. Paa ni la makuti au la bati. Jua la mchana linapoupiga ukuta, udongo hulipokea joto polepole, nalo huingia ndani kidogo kidogo. Jua likisha kutua, hewa hupoa upesi, lakini ukuta huendelea kulitoa joto lile kwa saa kadhaa. Mjusi kafiri hutoka katika ufa wake wakati wa magharibi, hujibandika ukutani, na tumbo lake hupokea joto kutoka chini huku akiwasubiri mbu na nondo wanaoifuata taa. Akitaka ubaridi, hupanda chini ya makuti, ambako jua halipenyi kwa urahisi, au huhamia ukuta wa upande wa pili. Akitaka unyevu, hushuka karibu na mtungi.

Bati lina tabia nyingine. Hupata moto upesi jua linapowaka, na hupoa upesi linapotua. Mchana chini yake ni tanuri. Usiku halina akiba ya joto. Mjusi wa nyumba ya bati hulazimika kujificha chini zaidi, katika ukuta au nyuma ya sanduku, hadi jioni.

Basi nyumba hiyo moja ina mambo manne ambayo kila mfugaji wa mjusi hana budi kuyatengeneza: sehemu yenye joto, sehemu yenye ubaridi, mahali penye unyevu, na mianya ya kujificha katika kila sehemu. Mjusi kafiri amepewa yote bila kuomba. Mjusi anayefungiwa katika sanduku hupata yale tu aliyowekewa.

Mjusi-chui na nchi yake

Mjusi-chui, Eublepharis macularius, si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni nyanda kavu na vilima vya mawe vya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Alielezwa kisayansi mwaka 1854. Mwili wake ni wa rangi ya manjano wenye madoa meusi, na urefu wake pamoja na mkia ni kati ya sm 20 na 25. Akitunzwa vizuri aweza kuishi miaka 15 hadi 20. Anayemchukua ajue kuwa amechukua kazi ya miaka mingi, si mchezo wa likizo ya mtoto.

Kuna mambo matatu yanayomtofautisha na mjusi kafiri, na kila moja linahusu makazi yake. Kwanza, ana kope zinazofumba, na vidole vyake havina vile vibandiko vinavyomwezesha mjusi kafiri kutembea darini. Yeye ni mkazi wa chini. Humfaa sanduku refu na pana kuliko sanduku lililosimama. Pili, mkia wake mnene ni ghala la mafuta. Mkia unaonenepa ni dalili ya afya. Unaokonda ni onyo. Tatu, mayai yake yana ngozi laini kama karatasi, nayo huhitaji udongo wenye unyevu. Hata jinsia ya watoto huamuliwa na joto: mayai yakiatamiwa kwenye nyuzi 26 hivi, karibu wote huwa majike, kwenye nyuzi 32 na nusu, walio wengi huwa madume, yakifika nyuzi 34, majike huwa wengi tena.

Katika nchi yake ya asili mjusi-chui hujificha mchana chini ya mawe na ndani ya mashimo, hutoka machweo, na hujipasha moto kwa kulalia mawe yaliyolibakiza jua la mchana. Kwa maneno mengine, jiwe la Pakistan hufanya kazi ile ile ya ukuta wa udongo wa Ruaruke.

Sanduku na pande zake

Kwa mjusi mmoja mzima, sanduku la kioo au la mbao lenye urefu wa sm 90, upana wa sm 45 na kimo cha sm 45 linafaa. Dogo kuliko hilo humfanya mfugaji ashindwe kupata tofauti ya kutosha kati ya upande wa joto na upande wa ubaridi. Madume wawili wasiwekwe pamoja, kwani watapigana. Na kwa anayeanza, mjusi mmoja katika sanduku moja ndiyo kanuni iliyo salama.

Chanzo cha joto huwekwa upande mmoja tu, kamwe kisiwekwe katikati. Sakafu ya upande huo, pale mjusi anapolala, iwe na nyuzi 31 hadi 33. Upande wa pili uwe na nyuzi 24 hadi 26. Usiku joto lote laweza kushuka hadi nyuzi 20 hivi bila madhara kwa mjusi mwenye afya, kwani hata nyikani usiku una ubaridi wake.

Maficho yawe matatu. La kwanza liwe upande wa joto, la pili upande wa ubaridi, ili mjusi asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto linalomfaa. La tatu liwe na kitambaa au kuvumwani chenye unyevu, kwa ajili ya siku za kujivua ngozi. Ngozi kavu ikibaki vidoleni hukaza kama uzi, huzuia damu, na kidole hukatika. Vigae vilivyopinda, vifuu vya nazi vilivyokatwa mlango, au vipande vya chungu hufaa kama maficho ya kununua dukani.

Sakafu nzuri kwa anayeanza ni karatasi, au vigae bapa vinavyolishika joto na kuoshwa kwa urahisi. Mchanga mtupu haufai, hasa kwa mjusi mchanga, kwani huumeza pamoja na wadudu na waweza kuziba matumbo yake. Kifuniko kiwe na wavu wa waya ili hewa ipite. Jambo hili ni muhimu zaidi katika pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi na sanduku lililozibwa huota ukungu upesi.

Namna ya kutia joto

Katika nchi za baridi joto hutolewa kwa taa iliyo juu ya sanduku, au kwa mkeka wa umeme uwekwao chini yake. Taa hulipasha kigae moto, kigae kikampasha mjusi. Huu ndio mfano ulio karibu zaidi na jua na jiwe. Taa ya mwanga iwake kwa saa 12 hivi na kuzimwa usiku, kwani mjusi wa usiku asiyeona giza husumbuka. Balbu iwe mahali mjusi asipoweza kuigusa.

Chombo chochote cha joto kiunganishwe na thamostati, yaani kifaa kinachokata umeme joto linapofika kiasi kilichopangwa na kuurudisha linaposhuka. Kipokezi chake kiwekwe sakafuni pale mjusi anapolala, si ukutani wala darini mwa sanduku. Kisha pawe na vipimajoto viwili, kimoja kila upande. Mkono wa mtu si kipimajoto: wenyewe una joto, nao hauwezi kutofautisha nyuzi 33 na 37, ilhali kwa mjusi tofauti hiyo ni kubwa sana. Sanduku lote liandaliwe na kupimwa kwa siku kadhaa kabla mjusi hajaletwa.

Anayeishi pwani ya Tanzania hukabiliwa na tatizo la kinyume. Wakati wa kaskazi joto la hewa hufikia nyuzi 30 na zaidi. Kazi yake basi ni kuutafuta upande wa ubaridi. Sanduku liwekwe karibu na ukuta mnene usiopigwa na jua, na kamwe lisiwekwe chini ya bati lisilo na dari. Umeme ukikatika usiku, hapana haja ya hofu maadamu chumba hakishuki sana chini ya nyuzi 20. Mjusi atatulia tu, naye asilishwe hadi joto lirudi.

Makosa ya wanaoanza

Kosa la kwanza ni kuweka sanduku la kioo juani ili mjusi aote jua. Kioo huupitisha mwanga wa jua, lakini huzuia joto lisitoke. Ndani ya dakika chache hewa ya ndani hupanda kuliko ya nje, na mjusi hufa huku mwenyewe akidhani amemfurahisha.

Kosa la pili ni kutumia jiwe la umeme lisilo na thamostati. Mjusi mwenye baridi hulilalia bila kuondoka, kwani hewa inayomzunguka haimtoshelezi, na tumbo lake huungua kabla mfugaji hajatambua.

Kosa la tatu ni kumlisha mjusi aliyepoa. Anayekataa chakula apimiwe joto la sakafu kwanza, kabla ya kutafutiwa dawa. Chakula chake ni wadudu walio hai, kama nyenje na mende waliofugwa safi, walionyunyiziwa unga wa kalsiamu na vitamini D3. Pasipo hivyo mifupa hulainika na miguu hupinda. Wadudu wa nyumba iliyopuliziwa dawa wasitumiwe kabisa.

Kosa la nne ni kudhani kwamba kimya ni afya. Kifaranga mwenye baridi hulia, mjusi halii. Daftari dogo la kuandika joto la pande mbili, siku aliyokula na unene wa mkia ndilo sauti yake.

Mijusi wasiostahili kuchukuliwa

Mjusi-chui anayefugwa leo aghalabu amezaliwa mikononi mwa watu, kizazi baada ya kizazi. Si hivyo kwa mijusi wote. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, huishi mjusi mdogo wa mchana, Lygodactylus williamsi, ambaye dume lake lina rangi ya samawati inayong'aa. Alielezwa kisayansi mwaka 1952. Hukaa katika mikadi, na msitu huo hauna zaidi ya hekta 400 hivi. Uzuri wake ulikuwa msiba wake. Inakadiriwa kwamba kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa mijusi wasiopungua 32,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kwa ajili ya soko la wafugaji wa ng'ambo, na mikadi ilikatwa ili kuwafikia. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, mataifa yalikubali kumweka katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ambayo hukataza biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Mwaka huo huo Serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi.

Waliowanunua mijusi wale hawakuwa watu wakatili. Wengi walikuwa wafugaji waliopenda viumbe, ila hawakuuliza mnyama ametoka wapi. Kwa hiyo swali la kwanza la mfugaji si joto wala sanduku, bali ni asili ya mnyama. Nchini Tanzania kukamata na kufuga wanyamapori kunatawaliwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na yeyote mwenye nia hiyo hana budi kuiuliza kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya yake.

Zoezi kwa wanafunzi

Anayetaka kujifunza tabia za mjusi bila kumfungia anaweza kufanya hivyo nyumbani. Achukue kipimajoto kimoja, daftari na kalamu. Kwa siku saba apime joto mahali pane: juu ya ukuta wa nje unaopigwa na jua la alasiri, chini ya makuti, chini ya bati, na sakafuni kando ya mtungi. Vipimo vichukuliwe saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 2 usiku na saa 4 usiku. Kila mara ahesabu mijusi wanaoonekana katika kila mahali, bila kuwagusa.

Kisha ajibu maswali haya:

1. Mahali gani palipoteza joto upesi zaidi baada ya jua kutua, na kwa nini?
2. Je, mijusi walikuwa wengi penye joto zaidi, au walihama kadiri usiku ulivyoendelea?
3. Kama ungetakiwa kulitengeneza sanduku moja lenye hali zote ulizozipima, kila kitu ungekiweka wapi?

Atakayejibu swali la tatu vizuri amekwisha kuielewa nyumba ya mjusi, hata kama hatafuga mmoja maishani mwake. Na atakayefuga ataanza kazi yake kama aianzavyo yule mama wa Ruaruke: ataweka joto upande mmoja, ataacha ubaridi upande wa pili, kisha atakaa na kutazama mnyama anachagua nini.